Kuwatafuta Waliopotea Baharini

Mtu akifa nchi kavu huacha mahali pa kumwendea. Hata akiwa maskini asiyejengewa kaburi la jiwe, watu wa kijiji chake hujua kwamba fulani amelazwa chini ya mti ule, na wajukuu zake huonyeshwa. Bahari haina ukarimu huo. Maji hufunika palipotokea msiba, na kesho yake meli nyingine hupita juu yake bila ya kujua. Ndiyo maana jamaa za mtu aliyezama hupatwa na misiba miwili kwa pamoja: ule wa kufiwa, na ule wa kutokujua kwa yakini kama wamefiwa. Mke hajui akae eda au aendelee kungoja. Watoto hawajui kama ni mayatima. Ndugu hawawezi kugawa mirathi, wala mdai hajui amdai nani. Mpaka mtu aonekane yu hai, au ithibitishwe kuwa amekufa, nyumba nzima husimama kama jahazi lililokosa upepo.

Insha hii yaeleza jinsi watu waliokuwamo katika meli ya Titanic walivyotafutwa na jamaa zao baada ya meli hiyo kuzama mwaka 1912. Habari za kuzama kwake zimesimuliwa mara nyingi, na wengi hukomea pale maji yalipoifunika. Sisi tutaanzia hapo. Kisha tutarudi katika Bahari ya Hindi, kwenye meli iliyotoka Kilindini mwaka 1944 ikiwa imechukua askari wa Afrika ya Mashariki, tuone kama yale yaliyojulikana kwa taabu katika msiba wa kwanza yatatufaa katika ule wa pili, ambao ni wetu wenyewe.

Titanic ilikuwa meli ya kampuni ya White Star Line ya Uingereza. Iling'oa nanga Southampton tarehe 10 Aprili 1912, na wakati huo haikuwako duniani meli kubwa kuliko hiyo. Ilipitia Cherbourg katika Ufaransa, na Queenstown katika Ireland, mji ambao siku hizi huitwa Cobh, kisha ikashika njia ya New York. Ndani yake walikuwamo watu wapatao 2,200. Walikuwamo matajiri wenye kumiliki majumba na mabenki; walikuwamo wafanyabiashara na mafundi; na katika daraja la tatu walijaa wahamiaji waliouza walichokuwa nacho ili wakaanze maisha mapya Marekani. Usiku wa tarehe 14, saa tano na dakika arobaini, meli iligonga jabali la barafu. Saa nane na dakika ishirini ilikuwa imekwisha zama. Mashua zake za kuokolea zilikuwa 20, na zote pamoja zingaliweza kuchukua watu 1,178 tu. Lakini nyingi zilishushwa kabla ya kujaa. Watu wapatao 1,500 walikufa, na 700 au zaidi kidogo waliokolewa alfajiri na meli ya Carpathia, iliyokuwa chini ya Nahodha Arthur Rostron.

Habari ya kwanza iliyoifikia nchi kavu haikuwa ya kweli. Zama hizo simu ya upepo ilikuwa jambo jipya. Meli nyingi zilizungumza kwa wakati mmoja, na maneno ya meli moja yaliweza kushikwa na watu wengine yakiwa vipande vipande na kuunganishwa na maneno ya meli nyingine. Magazeti fulani ya Marekani yalitangaza tarehe 15 Aprili kwamba abiria wote wameokoka na kwamba Titanic inavutwa kwenda bandari ya Halifax huko Kanada. Watu waliosoma habari hizo walishukuru Mungu wakalala. Jioni ile ile na kesho yake wakaamshwa na habari nyingine. Haraka haraka haina baraka, na furaha iliyotangazwa kabla ya kuthibitishwa iliufanya msiba uwe mzito maradufu kwa wale waliokwisha pumzika.

Tangu hapo kila mtu aliitaka orodha. Mtumishi wa simu katika Carpathia, Harold Cottam, alikuwa peke yake. Baadaye akasaidiwa na Harold Bride, mtumishi wa simu wa Titanic aliyeokoka akiwa ameumia miguu. Hao wawili walipeleka majina kwa alama za simu, herufi baada ya herufi, usiku na mchana. Majina ya abiria wa daraja la kwanza na la pili yalitangulia. Ya daraja la tatu yakaja nyuma. Rais Taft wa Marekani alipeleka manowari ikamwulizie Archibald Butt, ofisa wa jeshi aliyekuwa msaidizi wake na rafiki yake. Hakupata jibu alilolitaka, maana Butt hakuwa miongoni mwa waliookoka. Tukumbuke jambo hili. Ikiwa mtu mwenye manowari za kutuma alikaa gizani kwa siku kadhaa, je, mkulima wa Finland au mama wa kijijini katika milima ya Lebanoni alikaa gizani kwa muda gani?

Huko New York watu walijazana mbele ya ofisi ya kampuni katika barabara ya Broadway, wakisoma majina yaliyobandikwa. Jina lililokosewa herufi moja tu liliweza kumpa mtu tumaini lisilo lake, au kumnyang'anya tumaini lililo lake. Wengine walikataa kusadiki orodha yo yote, wakangoja mpaka Carpathia ilipofunga gatini usiku wa tarehe 18 Aprili, mvua ikinyesha, wakaangalia nyuso za walioshuka mmoja mmoja. Kwa walio wengi, uso ambao haukushuka ngazini usiku ule ndio uliokuwa jibu.

Upande wa pili wa bahari, katika mji wa Southampton, msiba ulikuwa na sura nyingine. Mabaharia na watumishi wa Titanic walikuwa karibu 900, na wengi wao makao yao yalikuwa katika mji huo. Humo mlikuwamo watia makaa, wapishi, wapakuzi wa chakula, wafua nguo na wapaka grisi. Karibu 700 kati yao hawakurudi. Wake zao walisimama siku baada ya siku mbele ya ofisi ya kampuni, wengine wakiwa na watoto mgongoni, wakingoja karani atoke na karatasi. Walisomewa majina ya mabwana na mabibi wa daraja la kwanza kabla ya kusomewa ya waume zao, kwa kuwa majina ya watumishi yalichelewa kuliko yote. Ilipofika orodha yao, palikuwa na mitaa ambayo nyumba kwa nyumba zilikuwa na matanga. Mishahara ya mabaharia nayo ilikuwa imekoma kuhesabiwa tangu saa ile meli ilipozama.

Kwa nini orodha zilikuwa na makosa mengi hivyo? Sababu zake yafaa zielezwe kwa uangalifu, maana ndizo zinazomsumbua kila mtu atafutaye jamaa aliyepotea safarini. Kwanza, orodha ya tikiti si orodha ya watu. Wako walionunua tikiti wasisafiri, na wako waliosafiri kwa tikiti za wengine. Pili, wako waliojiandikisha kwa majina yasiyo yao, wengine kwa kuficha deni au ugomvi wa nyumbani, wengine kwa sababu wazijuazo wenyewe. Tatu, karani aliandika alivyosikia. Mswidi, Mfini, Mbulgaria na Mwarabu wa Shamu walitamka majina yao, na karani wa Kiingereza akayatia katika herufi za lugha yake. Watu wa Lebanoni, nchi ambayo wakati huo ilikuwa chini ya dola ya Waturuki, walikuwa na desturi ya kumtaja mtu kwa jina lake na jina la babaye, kama tufanyavyo wengi wetu. Karani alilichukua jina la baba akaliweka kuwa jina la ukoo, na hivi mume na mke wa nyumba moja waliweza kuonekana katika kitabu kama watu wasiojuana. Mwanamume aitwaye Hanna, yaani Yohana kwa Kiarabu, aliweza kudhaniwa na Mwingereza kuwa ni mwanamke. Kwa makosa kama haya mtu alipotea mara mbili: kwanza majini, kisha katika karatasi.

Kisa kimoja kitaonyesha vizuri taabu hii. Miongoni mwa waliookoka walikuwamo watoto wawili wanaume, mmoja wa miaka mitatu na mwingine wa miaka miwili, wasiosema lugha nyingine ila Kifaransa. Hakuna mtu katika Carpathia aliyewajua. Baba yao alikuwa amewapitisha kutoka Nice, katika Ufaransa, bila ya idhini ya mama yao, kwa sababu mume na mke walikuwa wametengana. Jina lake lilikuwa Michel Navratil, naye alikuwa fundi wa kushona nguo. Lakini katika tikiti alijiita Hoffman. Aliwatia watoto mashuani, akabaki, akafa. Msichana mmoja wa Kimarekani aliyeokoka, Margaret Hays, ambaye alikijua Kifaransa, aliwachukua nyumbani kwake New York akawatunza. Wenye magazeti walichapa picha zao na kuwaita mayatima wa Titanic. Mama yao, Marcelle, alizipata habari hizo kule Nice, akawatambua wanawe, akavuka bahari ile ile, na mwezi wa Mei 1912 akawapata. Katika orodha nzima halikuwamo jina lao la kweli; wala mama yao hangewaona humo hata angaliisoma mara mia. Waliokolewa na mashua, wakarudishwa kwa mama yao na picha pamoja na wema wa mtu asiye ndugu. Baba yao, kwa sababu ya jina lile la kuazima lililodhaniwa kuwa la Kiyahudi, alizikwa Halifax katika makaburi ya Wayahudi, ingawa yeye hakuwa Myahudi. Mwanawe mkubwa alilifikia kaburi hilo mwaka 1996, miaka 84 baada ya kuagana naye.

Hayo ni ya walio hai. Kuwatafuta wafu kulikuwa kazi nyingine, nayo ilifanywa hasa na watu wa Halifax. Kampuni ilikodi meli ya Mackay-Bennett, ambayo kazi yake ya kila siku ilikuwa kutandika na kutengeneza nyaya za simu chini ya bahari. Iliondoka tarehe 17 Aprili ikiwa imepakia majeneza, barafu nyingi, dawa za kuhifadhi maiti, na kasisi. Mabaharia wake walikuta maiti wakielea, wamevaa maboya ya kifuani, kwa wingi kuliko walivyotazamia. Waliwaopoa 306. Majeneza hayakutosha, wala dawa hazikutosha, na sheria haikuruhusu maiti kushushwa bandarini bila ya kutiwa dawa. Basi 116 walirudishwa majini kwa sala, na 190 wakaletwa Halifax tarehe 30 Aprili. Meli nyingine tatu zilizotumwa baadaye zilipata wachache waliosalia, hesabu ikafika 328.

Katika kuchagua ni nani wa kuletwa na ni nani wa kurudishwa majini, cheo kilitazamwa. Maiti wa daraja la kwanza waliwekwa katika majeneza. Wa daraja la pili na la tatu walishonewa turubai. Mabaharia walilazwa juu ya sitaha ya mbele bila ya kitu. Waliozikwa baharini wengi wao walikuwa wa daraja la tatu na watumishi wa meli. Ilielezwa kwamba matajiri wana mirathi mikubwa, na kwamba mahakama zingetaka uthibitisho wa vifo vyao. Maelezo hayo yana akili ya kibiashara, lakini yana kasoro kubwa. Mjane wa mtia makaa naye alitaka uthibitisho, tena aliuhitaji zaidi, kwa kuwa hakuwa na akiba ya kumngojesha.

Hata hivyo, palikuwa na mtu mmoja aliyepanga kazi hiyo kwa haki. Naye ni John Henry Barnstead, msajili wa vifo katika Halifax. Alitengeneza utaratibu mwepesi uliofuatwa kwa kila maiti bila ya kubagua. Kila mmoja alipewa nambari kwa jinsi alivyoopolewa. Nambari hiyo ilifungwa mwilini, na vitu vyake vyote, kama pete, barua, funguo, sarafu na hata kitana, vilitiwa katika mfuko mdogo wa turubai wenye nambari ile ile. Kisha kikaandikwa kitabuni kimo chake, rangi ya nywele, umri wa kukadiria, makovu, chale, nguo na alama za nguo. Mtu asiye na jina aliandikwa kwa urefu sawa na mwenye jina. John Jacob Astor, mmoja wa matajiri wakubwa wa Marekani, alikuwa nambari 124 tu, naye alitambuliwa kwa herufi za jina lake zilizokuwa nguoni. Wengine wasiokuwa na herufi nguoni walitambuliwa kwa chale ya mkononi au kwa barua iliyolowa mfukoni.

Jumba la mchezo wa barafuni liligeuzwa kuwa mahali pa kuwatambua maiti, na jamaa wakaja kutoka mbali. Maiti 59 walichukuliwa na watu wao wakazikwa makwao. Wengine 150 walizikwa katika makaburi matatu ya Halifax: 121 katika Fairview Lawn, 19 katika makaburi ya Wakatoliki, na 10 katika makaburi ya Wayahudi. Wasiojulikana waliwekewa jiwe lenye tarehe na nambari. Nambari hiyo ndiyo siri ya kazi yote. Kwa kuwa kitabu kilihifadhiwa, kaburi lenye nambari halikuwa mwisho wa habari. Lilikuwa swali lililoachwa wazi ili atakayekuja alijibu. Utaratibu huo ulitumika tena mwaka 1917, mji wenyewe wa Halifax ulipopasuliwa na mlipuko wa meli ya baruti, na mwana wa Barnstead ndiye aliyeongoza kazi ya kuwatambua wafu.

Miongoni mwa maswali hayo, moja lilidumu karibu miaka mia. Maiti wa nne kuopolewa na Mackay-Bennett alikuwa mtoto mdogo wa kiume. Hakuna aliyekuja kumdai. Mabaharia waliomtoa majini walimlilia kama mtoto wao, wakachanga fedha zao wenyewe kumnunulia jiwe, na wakahudhuria mazishi yake tarehe 4 Mei 1912. Juu ya jiwe hilo waliandika kwamba ni mtoto asiyejulikana. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa ni mtoto wa Kiswidi wa miaka miwili, ambaye mama yake amezikwa karibu naye. Mwaka 2001 kaburi lilifunguliwa kwa ruhusa, na wataalamu wakachunguza meno na kipande kidogo cha mfupa. Walipima chembe za urithi zipitazo kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, wakazilinganisha na za jamaa wa familia zilizopoteza watoto. Mwaka 2002 wakatangaza kuwa ni mtoto wa Kifini wa miezi 13.

Lakini palikuwako jozi ya viatu. Nguo za wafu zilipochomwa mwaka 1912, ili zisiuzwe na watu wenye tamaa, askari polisi mmoja wa Halifax hakuwa na moyo wa kutupa motoni viatu vidogo vya mtoto yule. Aliviweka. Jamaa yake alivitoa kwa makumbusho ya bahari ya mji huo, na vilipopimwa vilionekana vikubwa mno kwa mtoto wa miezi 13. Wataalamu wakarudia kazi yao kwa vipimo vya hali ya juu zaidi, na mwaka 2007 wakakiri kwamba jibu la kwanza halikuwa sahihi. Mtoto huyo alikuwa Sidney Leslie Goodwin, Mwingereza wa miezi 19. Alikuwa akisafiri katika daraja la tatu na baba yake, mama yake, na ndugu zake watano. Wote wanane walikufa, na katika wote ni yeye tu aliyepatikana. Sasa jina lake linajulikana.

Tujiulize ni nani aliyempata Sidney Goodwin. Wataalamu walimpata, lakini wasingalimpata bila ya mabaharia waliomzika mahali panapojulikana, bila ya karani aliyeandika nambari yake, bila ya askari aliyevihifadhi viatu, na bila ya jamaa wa mbali waliokubali kutoa damu yao ipimwe. Kila mmoja alifanya jambo dogo, na baadhi yao walikufa bila ya kujua kama litafaa. Mambo manne yalihitajika: mahali, hati, kitu, na ukoo unaokumbuka. Lile la mwisho likikosekana, matatu ya kwanza hubaki kama ufunguo usio na mlango.

Sasa na turudi katika bahari yetu. Mwaka 1922 ilijengwa Scotland meli ya abiria iliyoitwa Aconcagua, ikafanya safari za Amerika ya Kusini. Mwaka 1935 ilinunuliwa na kampuni ya Misri ikapewa jina la Khedive Ismail, na Vita Vikuu vya Pili vilipoingia iligeuzwa kuwa meli ya kuchukua askari. Mwanzoni mwa Februari 1944 iliondoka Kilindini, Mombasa, katika msafara wa meli tano zilizolindwa na manowari, ikielekea Colombo katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka. Ndani yake walikuwamo watu wapatao 1,500. Kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la askari wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika ya Mashariki, karibu watu 1,000. Walikuwamo pia askari wa majini, na wauguzi wa kike waliokuwa wakienda kuhudumia majeruhi.

Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani iitwayo I-27 iliipiga meli hiyo kwa topido mbili. Titanic ilichukua zaidi ya saa mbili na nusu kuzama. Khedive Ismail haikumaliza dakika tatu. Hapakuwa na nafasi ya kushusha mashua wala ya kupeleka majina. Waliookoka walikuwa 214. Waliokufa walikuwa 1,297, na miongoni mwao wanawake 77. Ajali chache sana za meli za Washirika katika vita vile ziliua watu wengi kuliko hiyo.

Msomaji atauliza: mbona msiba mkubwa kiasi hiki, uliopata watu wetu, haujulikani kama ule wa Titanic? Sababu ya kwanza ni vita vyenyewe. Wakati wa vita habari za meli zilizozama hazikutangazwa ovyo, ili adui asizitumie. Hakukuwa na magazeti ya kupiga picha, wala ofisi ya kubandika majina barazani. Sababu ya pili ni ile tuliyoiona Southampton. Habari hutangulia kwa mkubwa, kisha ndipo humfikia mdogo. Mama wa askari wa mizinga hakuwa na gazeti wala simu, na pengine barua ilipofika kijijini ilibidi itafutwe mtu wa kumsomea. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Askari yule hakuwapo kujitetea kumbukumbu zisimsahau.

Lakini hakukosa hati. Majina ya wengi wa askari hao yamechongwa katika Ukumbusho wa Afrika ya Mashariki, ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, kando ya barabara ya Ngong. Halmashauri ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina daftari ambamo mtu huandikwa jina lake, nambari yake ya askari, kikosi chake na tarehe ya kufa kwake, na mara nyingine huongezwa jina la baba na la mahali alikotoka. Kwa hiyo hati ipo, na mahali pa kuiendea papo. Kinachotakiwa ni ukoo unaokumbuka.

Hapa ndipo vijana wanapoitwa. Katika nyumba nyingi huwako habari ya babu, au ndugu ya babu, aliyekwenda vitani asirudi, na habari hiyo hukaa katika kifua cha mzee mmoja tu. Mzee huyo akifa, nayo hufa. Atakaye kuitafuta na aanze kwake, kwa heshima, akiuliza majina yote aliyoitwa mtu huyo: la kuzaliwa, la ubatizo au la dini, la baba, la ukoo, na hata la utani, maana hajui ni lipi karani aliloandika. Na aulize alitoka kijiji gani, aliandikishwa wapi, na barua ya mwisho ilitoka wapi. Kisha alitafute jina katika daftari kwa kila namna ya tahajia, akikumbuka kwamba sikio la mgeni huzichanganya herufi. Asitosheke na hati moja, kwa kuwa hati moja yaweza kukosea. Hata wataalamu wenye vyombo vyao walimpa mtoto wa Halifax jina lisilo lake kwa miaka mitano. Na akikuta nishani, cheti au picha ndani ya sanduku, asiitupe kwa kuwa ni kuukuu. Huenda ikawa ndiyo jozi ya viatu itakayoamua shauri.

Wala mtu asiseme kwamba kazi hii haina faida kwa kuwa waliokufa hawafufuki. Ni kweli hawafufuki. Lakini faida yake ni ya walio hai. Ukoo uliojua mtu wao alikufa lini na wapi huacha kungoja, na mwisho wa kungoja ni mwanzo wa kupumzika. Tena yako madai ya haki. Katika meli zile mbili kila mtu alipewa nafasi kwa cheo chake, na alitafutwa kwa cheo chake. Bahari ilipowachukua haikuwauliza daraja. Kitabu cha Barnstead nacho hakikuuliza, kwani kila maiti alipata nambari yake, mfuko wake na mistari yake ya maelezo. Sisi tuliobaki na kalamu hatuna udhuru wa kufanya pungufu. Askari aliyezama karibu na Maldivi hana kaburi la kupaliliwa, wala maji hayatatuonyesha alipolala. Jina lake likiandikwa vizuri, likasomwa na watu wa kwao, hilo ndilo kaburi lake, nasi ndio tuliopewa kulitunza.